Sola, mkonge na mkutano mkuu: nani anaamua paneli zikae wapi Tanga

Ukitoka Segera kwenda Tanga mjini unapita Hale, Muheza na Pongwe. Kwa macho ni njia moja tu: mkonge upande huu, michungwa na minazi upande ule, vibanda vya matunda, halafu mkonge tena. Kwa sheria ya ardhi umekatisha tawala tatu. Shamba la mkonge lina hatimiliki iliyotolewa na Kamishna wa Ardhi. Kijiji kinachopakana nalo kinasimamia ardhi yake chenyewe kupitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Pongwe imo ndani ya Jiji la Tanga, na huko mwenye kauli ni mchoro wa mipangomiji. Mtu anayetaka kusimika paneli za sola kwenye ekari mia moja atapata majibu matatu tofauti kwa swali moja, "Je, hapa inaruhusiwa?", na jua linalompiga utosini ni lilelile.

Swali hilo halina ofisi moja ya kulijibu, na vurugu huanzia hapo. Mwekezaji anakimbilia EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, akidhani leseni ya kuzalisha umeme itampa na mahali pa kuuzalishia. Mwenye shamba anadhani maadamu hati ina jina lake anaweza kusimika chochote, katani au paneli. Mwenyekiti wa kijiji naye anadhani muhuri wake unatosha. Hakuna kati yao aliye sahihi.

Anayesoma habari za nje, hasa za Marekani, anakuta mambo yamewekwa wazi kidogo. Kule kaunti nyingi zina kanuni zinazoitaja sola kwa jina: umbali kutoka paneli hadi mpaka wa jirani, aina ya uzio, miti ya kuziba mandhari, na dhamana ya fedha za kuondoa mitambo ikichakaa. Kwetu sheria kuu za ardhi ni za 1999, na zile za mipango ni za 2007, enzi ambazo paneli ilikuwa kitu cha kuendeshea friji ya chanjo kwenye zahanati. Hutakuta humo sura yenye kichwa cha habari "mashamba ya sola". Lakini asije mtu akakuambia kwamba hakuna sheria. Zipo, tena nyingi, ila zimetawanyika, na kila moja inazungumzia sola bila kujua kwamba inaizungumzia.

Ekari ngapi, na kwa nini palepale

Shamba la sola linakula ardhi. Kipimo kinachotumika sana duniani ni kati ya ekari 5 na 10 kwa kila megawati moja, ukijumlisha paneli, njia za kupita gari, vibadilishi umeme na uzio. Tanga ina nafuu kidogo. Ipo nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana halishuki sana upande wowote wa mwaka. Paneli hulazwa karibu bapa, zikielekea kaskazini, na mwinamo uliopo ni wa kutosha tu mvua isituame na vumbi litiririke. Paneli iliyolala haitupi kivuli kirefu kwa ya nyuma yake, basi safu zinaweza kukaribiana kuliko Ulaya. Ndiyo maana katika hesabu za makala hii nitaegemea ekari 5, nikijua kwamba mwamba, korongo au kipande chenye mzozo kinaweza kuipandisha.

Jua lipo kila mahali. Waya haupo kila mahali. Hilo ndilo linaloamua zaidi kuliko ukali wa jua wenyewe. Kwa ukali wa jua tu, Tanga haiishindi Singida, Dodoma wala Shinyanga, na si ajabu mradi mkubwa wa sola wa TANESCO umewekwa Kishapu, Shinyanga, kwa mpango wa megawati 150 ukianza na 50. Pwani ina mawingu zaidi na hewa ya chumvi inayokula vyuma. Lakini Tanga ina kitu ambacho nyika nyingi hazina: njia ya umeme wa kilovolti 132 inayotoka Chalinze hadi Hale na kuendelea Tanga mjini, iliyojengwa kwa ajili ya maporomoko ya Mto Pangani. Kituo cha Hale kina megawati 21, na Pangani Falls mpya ya 1995 ina 68. Mto ukikauka kiangazi, waya unabaki na nafasi.

Kwa hiyo mtu wa sola hatatafuta pori la Kilindi ambako ardhi ni tele. Atatafuta ekari zilizo karibu na waya na karibu na kituo cha kupozea umeme, kwa sababu kila kilomita ya kuvuta njia mpya ni fedha na ni mkuza mwingine, yaani ukanda wa ardhi unaopitiwa na nyaya, wa kulipia fidia. Ekari hizo ndizo zile za barabara ya Segera: mkonge, vijiji vikubwa, na viunga vya mji. Mgongano haukuletwa na uadui wa mtu kwa sola. Umeletwa na mahali waya ulipopita miaka ya sitini.

Kijijini: milango miwili, ukumbi mmoja

Hapa ndipo penye mambo mengi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Msimamizi si mmiliki. Halmashauri haiwezi kugawa hata robo ekari bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18. Ardhi yenyewe ina mafungu matatu: ya pamoja, kama malisho, visima, makaburi na msitu wa kijiji, ya watu binafsi na kaya, na ya akiba kwa ajili ya vizazi na mahitaji yajayo. Juu ya mafungu hayo unakuja mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji chini ya sheria Na. 6 ya 2007, ambao ndiyo ramani inayosema hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa huduma za jamii.

Tazama ramani hiyo kwa makini kabla hujatazama kitu kingine. Sola haimo. Kama ekari zinazotakiwa zimeandikwa malisho, basi kuweka paneli ni kubadili mpango, na mpango haubadilishwi kwa kikao cha watu watano chini ya mwembe. Unarudi mkutano mkuu. Kama zimeandikwa "eneo la uwekezaji", angalia mara mbili zaidi, maana neno hilo ni pana kama mlango wa godauni: linapitisha kiwanda cha juisi, machimbo ya kokoto na paneli kwa pamoja, bila kumuuliza jirani anataka kipi. Na kijiji ambacho hakina mpango kabisa kinajadiliana na mwekezaji bila ramani, huku mwenzake anayo yake kwenye laptopu.

Sasa, ardhi ya kijiji inaweza kufika mikononi mwa mwekezaji kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni uhaulishaji. Ardhi inatolewa kwenye kundi la ardhi ya kijiji na kuingizwa kwenye ardhi ya jumla, kwa mamlaka ya Rais. Mlango huu ndio unaomhusu mwekezaji wa kigeni, kwa sababu sheria hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hata hapo anapewa hati isiyo asili, yaani haki ya kutumia inayotokana na hati ya mwingine, kupitia mamlaka ya uwekezaji: zamani Kituo cha Uwekezaji (TIC), na tangu 2025 chombo kilichokiunganisha na mamlaka ya maeneo ya viwanda vya mauzo ya nje (EPZA), yaani TISEZA. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinataka kusudio litangazwe, wenye haki wasikilizwe, na uhaulishaji usikamilike kabla aina, kiasi, namna na muda wa kulipa fidia havijakubaliwa. Halafu kinaweka mpaka wa ukubwa. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, anayeamua ni Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo.

Piga hesabu. Hekta 250 ni kama ekari 617. Kwa ekari 5 kwa megawati, hapo panaingia zaidi ya megawati 120. Kwa ekari 10, kama megawati 60. Karibu kila shamba la sola ambalo mtu mwenye akili timamu angelijenga kijijini kati ya Hale na Muheza litakuwa dogo kuliko hapo. Maana yake ni kwamba kwa sola, tofauti na miradi mikubwa ya miwa au mbao, neno la mwisho la kijiji kwa kawaida ni la kijiji kweli, si pendekezo linalopelekwa Dodoma. Nimeshangaa mara nyingi jinsi jambo hili lisivyosemwa kwenye vikao ambako linahitajika kuliko yote.

Mlango wa pili hauihaulishi ardhi. Inabaki ya kijiji, na halmashauri inatoa haki ya kuitumia kwa muda, kwa mfano kwa kampuni ya Watanzania au ushirika. Kifungu cha 32 kinapanga maombi ya namna hiyo katika madaraja matatu. La kwanza ni hekta 5 au pungufu kwa muda usiozidi miaka 5. Hilo, kwa kuwa si kugawa ardhi bali kuruhusu itumike kwa muda mfupi, halmashauri ya kijiji inalimaliza yenyewe. La pili ni hekta zaidi ya 5 hadi 30, au zaidi ya miaka 5 hadi 10. Linahitaji kuthibitishwa na mkutano mkuu. La tatu ni zaidi ya hekta 30 au zaidi ya miaka 10. Linahitaji mkutano mkuu, na ushauri wa Kamishna wa Ardhi kabla yake.

Neno la kushika hapo ni "au". Mradi mdogo wa megawati 2 kwenye ekari 10 ni kama hekta 4 tu, na mtu anaweza kusema ni jambo dogo la daraja la kwanza. Lakini nani anasimika paneli kwa miaka mitano? Paneli huishi miaka 25 na zaidi, na benki haikopeshi mradi wa sola kwa mkataba mfupi. Muda peke yake unaupeleka mradi daraja la tatu, hata ukiwa na ukubwa wa kiwanja cha mpira. Kwa hiyo upite mlango wowote, unatokea ukumbi uleule: mkutano mkuu. Mwekezaji anayekuambia "tumeshamalizana na mwenyekiti na mtendaji" hajamalizana na mtu.

Kati ya milango hiyo miwili ipo tofauti ambayo wengi hawaambiwi. Ardhi ikishahaulishwa, hairudi. Mkataba wa miaka 25 ukiisha, paneli zikatolewa, ekari zile zinabaki ardhi ya jumla chini ya Kamishna, wala hazirejei kwenye ramani ya kijiji zenyewe. Kijiji kinachodhani kimekodisha kimetoa moja kwa moja. Sisemi mlango wa kwanza ni mbaya. Kwa mwekezaji wa nje ndio uliopo. Ila bei ya kukodisha na bei ya kutoa hazifai kuwa sawa.

Wapo pia wanaojaribu kupita dirishani. Dalali anazunguka kaya kwa kaya, ananunua ekari mbili hapa, tatu pale, kwa hati ya mauziano ya kuandika kwa mkono iliyogongwa muhuri wa kijiji. Anasubiri eneo liungane, kisha anatafuta wa kumuuzia. Sehemu hizo hazibadiliki kuwa ardhi ya jumla kwa kuunganishwa, na mpango wa matumizi hausemi sola kwa sababu dalali amenunua. Anayekuja mwisho na fedha za mkopo ndiye atakayegundua kwamba alichouziwa ni makaratasi, na wanakijiji watakuwa wamekwisha kula hela ya shamba na kubaki bila shamba.

Kuhusu fidia, sheria haisemi tu "thamani ya shamba". Kanuni za 2001 zinataja thamani ya ardhi yenyewe, maendelezo yaliyofanywa juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na faida iliyopotea. Usafiri hukadiriwa kwa mzigo wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, na makazi kwa kodi ya nyumba ya miezi 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Mnazi, mkorosho na mchungwa vinahesabiwa mti kwa mti, na kazi hiyo ni ya mthamini aliyesajiliwa, taarifa yake ikipita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Mtu akija na daftari lake la shule akaanza kuhesabu minazi, muulize usajili.

Jambo la mwisho la kijijini ni karatasi. Ushahidi kwamba mkutano mkuu uliamua ni muhtasari pamoja na orodha ya mahudhurio. Waliosaini ili kuonyesha kwamba wamefika hawajasaini kwamba wamekubali. Muhtasari unaostahili jina hilo unaonyesha eneo kwa mipaka, ukubwa kwa hekta, muda, matumizi kwa jina lake, na kura zilivyokwenda.

Shamba la mkonge lenye hati

Mkonge uliingia nchini 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche iliyonusurika 62 tu hadi Kikogwe, Pangani. Kutoka hapo ukaenea ukashika bonde lote, na mashamba yaliyozaliwa ndiyo hayo yenye maelfu ya hekta chini ya hati moja. Kwa mtu wa sola ni mahali pa kuvutia: mmiliki mmoja, mipaka iliyopimwa, barabara za ndani, na mara nyingi waya unapita kando.

Lakini hatimiliki haikupi ardhi tu, inakupa ardhi na masharti. Moja ya masharti hayo ni matumizi. Hati iliyoandikwa kilimo inataka kilimo, na kuliacha shamba pori au kulitumia kwa kingine bila kibali ni kuvunja masharti, kosa ambalo linaweza kuishia kwa Rais kubatilisha hati. Anayetaka kutoa ekari 200 za mkonge kuwa za paneli lazima aombe kubadilishiwa matumizi, ombi linaloanzia halmashauri na kufika kwa Kamishna, na mara nyingi ni busara kukimega kipande hicho kiwe na hati yake.

Kuna tofauti kati ya kuzalisha umeme kwa ajili ya shamba na kulifanya shamba kuwa la umeme. Hale kulijengwa mtambo wa biogesi unaotumia mabaki ya mkonge kuzalisha umeme, na hakuna aliyesema kilimo kimekoma, kwa kuwa umeme ule ulikuwa mkia wa kazi ya katani. Paneli juu ya bati la korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, zikiendesha mashine za kusindika, zina hoja hiyohiyo. Ekari 200 zinazouza umeme kwenye gridi hazina hoja hiyo.

Tatizo lingine halipo kwenye hati bali shambani. Mashamba mengi ya mkonge yaliachwa baada ya bei ya katani kuanguka, na watu wakaingia wakalima mahindi na mihogo, wakajenga, wakazaa. Ramani ya mwekezaji inaonyesha eneo tupu. Ukifika unakuta shule. Serikali imebatilisha hati za baadhi ya mashamba ya Tanga na kuyapanga upya, sehemu ikienda kwa wananchi. Nionavyo mimi, mmiliki anayegundua upendo wa ghafla kwa nishati safi kwenye kipande kilekile alichoshindwa kukipanda kwa miaka mingi anastahili kuulizwa maswali ya ziada, na halmashauri isione haya kuyauliza.

Mjini

Ndani ya Jiji la Tanga, na vivyo hivyo katika mji wa Bagamoyo, inatawala Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji. Juu kuna mpango kabambe wa mji mzima, chini yake michoro ya kina inayosema kiwanja hiki ni makazi, kile viwanda, kile ni wazi. Ukitaka kingine unaomba badiliko la matumizi, tangazo linatolewa, majirani wanapata nafasi ya kupinga, kisha ndipo kibali cha ujenzi.

Viwanda ndiyo njia rahisi kuliko zote katika makala hii. Kiwanda kinachosimika paneli ndani ya uzio wake, kwenye kiwanja kilichokwisha kupangwa kuwa cha viwanda, hakibadilishi kitu kikubwa. Sola ya kwanza kubwa ya Tanga ikitokea huko badala ya kijijini sitashangaa.

Kinachowachanganya watu ni pembezoni. Mabokweni, Chongoleani na kata kama hizo zina mashamba, minazi na ng'ombe, na wakazi wake wanaongea na kuishi kama wanakijiji. Lakini kisheria kule ni mitaa ya jiji, na mtaa hauna mamlaka juu ya ardhi kama kijiji. Mkutano wa mtaa unaweza kupiga kelele na kelele ikasikika. Hauna kura ya kukataa ile tuliyoiona kwenye hekta 250. Eneo linapotangazwa kuwa la mipangomiji, watu hushangilia barabara na maji, na hawahesabu kilichoondoka.

Pasipogusika

Amani, Saadani, Mkomazi na misitu ya mikoko ni ardhi ya hifadhi, mjadala unaishia hapo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari, jambo linalopunguza sana viwanja vizuri kando ya Pangani. Barabara kuu zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Na chini ya nyaya zenyewe pana mkuza wa TANESCO: unatakiwa kuwa karibu na waya, si chini yake.

EWURA, TANESCO na NEMC wanaingia wapi

Wanaingia, ila hakuna kati yao anayetoa ardhi. Chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, mtambo wa chini ya megawati moja hauhitaji leseni, unasajiliwa EWURA. Kuanzia hapo leseni inahitajika. Miradi midogo, hadi megawati 10, ina utaratibu wake wa kuiuzia TANESCO kwa mkataba na bei za mfumo uliowekwa, na mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba ana ardhi. NEMC, baraza la mazingira, naye anasimamia tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo lazima ionyeshe kwamba wananchi walishirikishwa.

Humo kuna kitanzi. TANESCO inataka kuona ardhi kabla ya kuzungumza umeme. Mkutano mkuu unataka kujua kama umeme utanunuliwa kabla ya kuzungumza ardhi. Benki inataka vyote viwili. Kitanzi hiki kinafunguliwa kwa makubaliano ya awali yenye ukomo: kijiji kinakubali kutompa mwingine eneo lile kwa kipindi kilichotajwa, tuseme miezi 18, kwa malipo madogo yasiyorudishwa, na mwekezaji akishindwa kupata mkataba wa kuuza umeme, eneo linabaki kama lilivyokuwa. Bila ukomo huo, ekari zinakaa zimefungwa kwa jina la mradi usiokuwepo, hazilimwi wala hazizalishi.

Kijiji kinaweza kuandika chake

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) inazipa halmashauri za vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Zinajadiliwa kwenye mkutano mkuu, kisha zinapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Zile kanuni za kaunti za Marekani, zenye umbali na uzio na dhamana, zinaweza kuandikwa hapa kwa Kiswahili kwa chombo hiki, zikaambatana na mpango wa matumizi ya ardhi unapopitiwa upya. Sijui kwa nini hatuzifikirii mpaka gari jeupe liwe limeshafika.

Ziandike nini? Kwanza njia. Uzio wa ekari 100 unaweza kukata njia ya kisimani na ya shule, na huko Mkinga, Handeni na Chalinze unaweza kukata mapito ya mifugo, jambo ambalo halimalizwi kwa barua. Njia zichorwe kabla ya uzio. Pili maji ya mvua: paneli ni paa bila mfereji, na masika ya Tanga yakidondoka kwenye ukingo wa kila safu yanachimba ardhi hadi shamba la jirani. Nyasi zibaki chini ya paneli, na mitaro ielekezwe. Nyasi hizo zinaweza kuliwa na kondoo, si mbuzi. Mbuzi atapanda juu na atatafuna nyaya. Paneli zikiinuliwa zaidi, hata mboga zinaota chini yake, na majaribio ya kulima hivyo yamefanyika Morogoro na Kajiado, Kenya. Kuinua kunaongeza gharama ya vyuma, basi litajwe mapema, wakati bei bado inajadiliwa.

Tatu ni maji ya kuoshea paneli, yatoke wapi, maana kiangazi vumbi la barabara na haja ya kisima vinakuja pamoja. Nne ni mwisho wa mradi: nani ang'oe nguzo, nani abebe paneli kuukuu, ambazo ni taka za kielektroniki zenye kanuni zake, na fedha za kazi hiyo ziwekwe wapi tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa kampuni ya mwaka wa 25 huenda isiwe ile iliyosaini. Tano ni mapato. Ushuru wa huduma unakwenda halmashauri ya wilaya na kodi ya pango la ardhi inakwenda serikalini. Kijiji hakipati kitu kwa kuwa tu paneli zipo kwake, hadi mkataba useme.

Wakati wa kuandika ni kabla ya uhaulishaji. Sheria ndogo ya kijiji iliyopitishwa baada yake haina pa kushika, kwa sababu zile ekari si za kijiji tena; hapo kinachobaki ni sheria ndogo za wilaya na masharti yaliyoandikwa ndani ya hati ya mwekezaji.